Akili ya Mchinjaji

Kwa miaka tisa watu wa Kyebando walikula kuku waliochinjwa na mgonjwa wa akili, na sikumsikia hata mmoja akilalamika tumbo. Waliwala arusini, waliwala matangani, waliwala Idi na Krismasi. Tena walisifu. Walisema kuku wa Haji wanatoka damu vizuri, ngozi haina wekundu, hata supu yao haina harufu. Haji ni mimi. Mchinjaji ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja; mimi wa kwanza, yeye kitinda mimba.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Naandika kama ninavyosema. Asiyependa afunge kitabu, vitabu vya wasomi vipo vingi na vumbi lake. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, kwa kuwa babu wa babu yangu alifika huku na misafara kutoka pwani, akaona mvua, akasahau kurudi. Kampala hii Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, ndivyo watu wanavyoamini, kwa hiyo tangu utotoni nimezoea kutazamwa mara mbili kabla ya kuuziwa chumvi. Nilianza na kuku watatu ndani ya tenga. Leo nina banda sokoni, lenye saruji chini na maji ya bomba, nimehiji kwa jasho langu, na sikurithi hata msumari. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba mtu aliyefanya jambo nitakalolieleza hakuwa mjinga. Alikuwa na akili zake zote.

Mdogo wangu aliugua akiwa na miaka ishirini na miwili. Alianza kwa kujibu maneno tusiyoyasikia, akaacha kulala, akasema redio ya jirani inamtaja. Tukafanya yale ambayo kila mtu hufanya. Maalimu mmoja aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha, mgonjwa akanywa. Mganga wa Makindye alitaka mbuzi mweusi, akapata. Jamaa wakataka afungwe, na kamba niliifunga mimi, kwa mikono hii, kwenye nguzo ya jiko, siku kumi na moja. Tulisema tunamtibu. Mbuzi aliliwa, nguzo ikalegea, mgonjwa hakupona.

Mwisho mama alisema, "Mpelekeni kule."

Kule ni ile hospitali ambayo watu wa mji huu hutaja jina la kilima chake kama tusi. Mkigombana kwenye foleni ya maji, ndilo la kwanza kurushiana. Daktari wa kule, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa, aliniambia jina la ugonjwa: skizofrenia. Nililishika kwa kulirudia njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani. Akampa mgonjwa vidonge, na sindano ya kila mwezi. Baada ya miezi sita mdogo wangu alikuwa anakula na sisi sinia moja na kuuliza chumvi iko wapi.

Mtaani tulisema alikuwa Juba, kibiashara. Juba ni mji mzuri kwa kazi hiyo: kila mtu ana ndugu aliyekwenda huko, na hakuna anayekwenda kuhakikisha. Alikuwa amenenepa kwa dawa. Wakasema Juba imempenda.

Nikamweka bandani kwa huruma, halafu nikamwachia kisu kwa sababu ya tamaa, maana niliona alinizidi. Dawa ilimfanya mtu wa taratibu. Hatembei haraka, hasemi haraka, na kuku anamjua mtu mwenye haraka. Mikononi mwake kuku walinyamaza. Alimshika mbawa, akamwelekeza kibla, akasema bismillahi, mkono ukapita mara moja. Midomo yake iliendelea kucheza kidogo hata baada ya hapo. Wateja waliiona. "Mtazame yule," waliambiana, "mcha Mungu, hachoki kumtaja Mola wake." Nikawaacha waseme. Sifa haikataliwi.

Nyuma ya banda alikuwapo mama mmoja Mkongomani, mjane kutoka Bukavu, kazi yake maji ya moto na manyoya. Huyo hakudanganyika na habari za Juba hata wiki moja.

"Papa, huyu ndugu yako anakunywaka dawa," aliniambia.

Nikamwomba afunge mdomo. Akacheka huku akinyonyoa.

"Miye nitasema kwa nani? Batu balitufukuzaka kwetu, bote balikuwa na akili."

Basi tukakaa hivyo miaka tisa, mpaka Jumanne moja alipokuja Hajjati, mpishi wa arusi, mteja wangu mkubwa kuliko wote. Siku zote alikuwa anaingia mpaka ndani na kuwabonyeza kuku vifua. Siku hiyo alisimama nje kwenye jua.

"Haji, huyu anayechinja ndiye yule mdogo wako?"

"Tangu lini kuna mwingine?"

"Nimemwona kule."

"Kule wapi?"

"Kule, Haji! Kwenye dirisha la dawa, amekaa na kadi mkononi."

Nilitafuta uongo nikakuta Juba iko mbali. Naye alipoona nimenyamaza akapandisha sauti: "Umetulisha kuku wa mulalu!"

Mulalu ni mwenda wazimu kwa Kiganda, na neno lile likipigwa kelele sokoni halihitaji mkalimani. Muuza nyanya alisimama. Muuza mkaa alisimama. Hakuna aliyemuuliza Hajjati mwenyewe alifuata nini kwenye dirisha la dawa. Soko zima lilimwona mdogo wangu kwa macho ya mtu aliyekuwa kwenye foleni ileile.

Ilipofika alasiri, midomo iliyokuwa inamtaja Mola ilikuwa inaongea na majini. Mama aliyekuwa akimletea mdogo wangu chai alikumbuka kwamba jicho la kushoto la kijana huyo halikuwahi kumpendeza. Vijana wa bodaboda waliokaa kwenye pikipiki zao ng'ambo ya barabara walipata kazi mpya.

"Haji, nipe kuku mmoja, lakini awe na cheti cha daktari!"

"Mwulize kwanza, huyo kuku naye anasikia sauti?"

Mwenye buchari jirani alikuja kunipa pole. Huyu amejikata vidole viwili kwa sababu ya waragi, pombe kali anayoipenda tangu asubuhi. Alinishika mkono kwa vidole vilivyobaki. "Kisu na wazimu, Haji," aliniambia, "ni hatari sana." Pumzi yake ingewasha jiko.

Alhamisi wakaja wazee wanne wa msikiti. Hawakuja kwa ugomvi, walikuja na sheria. Kitabuni, mchinjaji sharti awe na akili timamu, na asiye na akili kuku wake ni mzoga. Hilo mimi nilikuwa nalijua kwa miaka tisa. Nilikuwa nimelificha pamoja na Juba.

"Na futari zangu zote zile?" aliuliza mmoja wao, kwa uchungu wa kweli.

"Ulishiba?"

"Nilishiba."

"Basi unataka nikurudishie nini?"

Wakaguna. Wakasema hawatahukumu wao. Watampelekea swali maalimu anayekaa upande wa Lubaga, mtu mwenye vitabu, na jibu lake ndilo litafuatwa. Walisema hivyo, wakaaga vizuri, wakaondoka.

Hawakufika hata kwenye kona. Nilimgeukia mdogo wangu mbele ya kila mtu nikasema, "Lete kisu. Nenda ukakae kwenye maji ya moto mpaka mambo yapoe."

Alikifuta, akanipa kwa upande wa mpini. "Sawa, kaka."

Nikajiambia namlinda. Mtu aliyesoma kidogo ana faida hiyo, hujiambia jambo moja na kuliamini bila kusumbuliwa na la pili.

Nikaanza kuchinja mwenyewe. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, sukari, na miwani inayoteleza. Siku ya kwanza kuku mmoja alinitoka mkononi shingo ikiwa imekatwa nusu, akavuka barabara, akaingia chini ya meza ya nyanya na kuwapaka damu wateja watatu. Wale vijana wa bodaboda walisimama wakapiga makofi.

"Papa," alisema yule mama Mkongomani nilipomletea, "huyu umemuchinja ao umemuamusha?"

Mdogo wangu, aliyekuwa anachochea moto, hakucheka. Ningefurahi angecheka.

Wateja wakarudi mmoja mmoja, maana sasa kisu kilikuwa kwa mwenye akili. Nyama ikawa na damu, ngozi nyekundu, supu inanuka. Walilipa wakanyamaza. Halafu wengine wakaanza kuninong'oneza. "Haji, huwezi kumwambia yule bwana anisaidie na hawa wanne? Nina wageni. Sitamwambia mtu." Mkristo mmoja aliyekuwa na sherehe ya mwanawe kumaliza chuo alisema waziwazi kwamba dini yake haina sheria hiyo, kwa hiyo mulalu anamfaa. Nilimfukuza. Nilimfukuza kwa hasira ya ndugu, nikarudi ndani kuendelea kumnyima ndugu kazi.

Katika siku hizo ndipo nilipolifikiria lile dirisha la dawa. Akili yangu huja polepole lakini hufika. Nilimkuta mdogo wangu ameinama juu ya beseni.

"Hajjati alikuwa anafanya nini kule?"

Aliendelea kunyonyoa. "Wewe unafikiri nini?"

"Ana mtu?"

"Binti yake. Huja naye kila mwezi. Hukaa benchi la nyuma yangu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Na wewe umekaa hapa unatukanwa na hukusema!" Nilikuwa tayari nimevua aproni. "Nakwenda kumwambia palepale anapoonjesha watu pilau. Soko zima lisikie!"

Akanyanyuka. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye viwiko. Si mtu wa kunizuia njia, lakini siku ile alinizuia.

"Binti bado hajakaa sawa, kaka. Akisikia jina lake sokoni hatakuja tena kuchukua dawa. Ukisema, na mimi siendi tena kule. Hiyo sindano utanichoma wewe."

Nikavaa aproni. Ndiyo maana hapa hakuna jina la mtu. Nilimuuliza kabla ya kuandika, akasema andika, lakini usitaje yeyote, wala mimi. Hajjati mwenyewe siku hizi amehamia mji mwingine, na mwenye kumtafuta atachoka bure.

Maalimu hakutuma jibu. Alikuja mwenyewe, Jumamosi asubuhi, na wale wazee wanne nyuma yake. Nilitegemea ndevu nyeupe. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, viatu vimepigwa rangi. Alikaa juu ya kreti la soda akauliza, "Mara ya mwisho akili ilimpotea lini?"

"Maalimu, huyu kwa kweli tangu alipoanza—" nilianza mimi.

"Nimemuuliza yeye."

Nilihesabu haraka kichwani: maalimu wa zafarani, mganga, jamaa, wazee, mimi. Ukimwondoa yule binti daktari, hakuna aliyewahi kumuuliza yeye.

Mdogo wangu alifuta mikono. "Miaka sita iliyopita, mwezi wa Ramadhani. Niliacha vidonge vya mchana kwa ajili ya funga. Ilikuwa siku nne."

"Siku hizo ulichinja?"

"Sikuchinja. Nilisema nina homa, nikabaki nyumbani."

"Nani alikwambia usichinje?"

"Hakuna. Nilijua. Kwangu huanza na usingizi. Usiku wa kwanza nikikosa, naangalia. Wa pili nikikosa, nakwenda hospitali."

Nami nikaikumbuka ile homa. Nilimpelekea uji na ndimu, nikamkemea kwa uvivu.

Maalimu alivua miwani akasema maneno machache. Akili ikiwapo wakati wa kuchinja, nyama ni halali. Ikiondoka, aache, kama alivyoacha mwenyewe bila kuambiwa. Kuku wa miaka tisa hawana neno, mkapumzike. Wazee walipumua, hasa yule wa futari, lakini hawakutaka kuondoka mikono mitupu. Wakaomba wawekwe mashahidi wawili, wa kupita kila asubuhi na kumuuliza maswali mawili matatu, ili watu watulie. Maalimu akasema kama hilo litawatuliza, hana pingamizi. Kisha akaonyesha jogoo kwenye tundu. "Huyo nataka nimpeleke nyumbani. Achinje yeye."

Ewe msomaji, nilifurahi kama niliyeshinda kesi mahakamani. Nilichukua kisu, nikakipitisha kwenye jiwe, nikamnyooshea mdogo wangu mbele ya wazee, maalimu, muuza nyanya na vijana wa bodaboda.

"Haya, shika. Tumewashinda."

Hakukishika.

"Kaka, wale wazee walisema watakwenda kumuuliza maalimu. Wewe ulisema lete kisu."

"Nilikuwa nakulinda!"

"Wao waliuliza. Wewe hukuuliza mtu."

Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka na kisu, kama mtu anayeuza kitu kisichotakiwa. Yule mama nyuma aliacha kunyonyoa, jambo ambalo hafanyi hata mvua ikinyesha.

"Unataka nini basi?" nilimuuliza, kwa sauti ndogo.

"Mashahidi wakija asubuhi, watuulize sote wawili. Wewe kwanza, wewe ndiye mkubwa."

Ng'ambo ya barabara mtu alipiga mluzi.

"Mimi? Mimi niulizwe kama nina akili? Mimi niliyejenga banda hili?"

"Kama ipo wataiona."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa ni sawa, kaka. Nitachemsha maji."

Alilisema bila hasira, na ndipo nilipoogopa. Nilijua angechemsha maji mpaka nife, na kila mteja atakayeingia angeona aliyepokonywa kisu na aliyempokonya, na kwamba maalimu alishasema na bado hali ni ileile. Maalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee wa futari ndiye aliyenisukuma.

"Kwani Haji unaogopa swali?"

"Nakubali," nikasema. "Waje."

Mdogo wangu akachukua kisu, akakijaribu kwa ukucha, akarudi kukinoa upya kwa sababu nilikuwa nimekiharibu makali. Yule jogoo hakupiga hata kelele.

Tangu siku hiyo mashahidi huja kila asubuhi baada ya swala, wazee wawili kwa zamu, na kwa ushahidi wao wamejipangia firigisi moja kila mmoja. Sisi tunasimama sambamba kwenye saruji yangu. Huanza na mimi.

"Haji, leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Uko wapi?"

"Kwenye banda langu, nililolijenga kwa jasho langu."

"Jibu swali tu, Haji. Umelala?"

Hilo la usingizi mdogo wangu ndiye aliyewaongezea. Kisha wanamgeukia yeye, naye hujibu kwa maneno matatu, anavaa aproni, kazi inaanza. Mwanzoni watu walikuja kututazama, hata kutoka mtaa wa pili. Baadaye wakachoka. Wiki ya tatu Hajjati alirudi na oda ya kuku arobaini. Alisubiri mpaka maswali yakaisha, akanipita bila salamu, akasimama karibu na mdogo wangu kuliko alivyowahi kusimama.

"Nasikia ulisema huanza na usingizi," alimwambia taratibu.

"Kwangu mimi, ndiyo, mama."

"Usiku wa pili ndio unakwenda?"

"Usisubiri wa tatu."

Akaitikia kwa kichwa, akataja oda yake. Mimi nilijifanya nafunga tundu ambalo lilikuwa limefungwa.

Miezi minne nilijibu vizuri kila asubuhi, na nakiri nilianza kujivuna, maana mitihani ya shule sikuwahi kufaulu hata mmoja. Halafu sukari ikanipanda. Nilikesha siku mbili nikinywa maji na kwenda msalani, na sikumwambia mtu, kwa kuwa mwenye banda haugui. Asubuhi ile mzee wa futari aliniuliza, "Leo siku gani?"

"Jumatano."

Wakatazamana.

"Haji, leo Alhamisi."

"Ulimi umeteleza! Jumatano, Alhamisi, kuku wanajua?"

Hawakucheka. Waliniangalia kwa yale macho, nami kwa mara ya kwanza nikayaona kutoka upande wa mbele: yana huruma, na yamekwisha kurudi nyuma hatua moja. Nikaanza kueleza. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu wa kuelezwa.

Mdogo wangu alinikaribia, akaniangalia machoni, akainusa pumzi yangu.

"Umelala, kaka?"

"Sijalala."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

Akawaambia wazee hakuna cha ajabu, ni sukari, na kwamba mchana atanipeleka kupimwa yeye mwenyewe. Akanivua aproni kwa kuifungua kamba nyuma, taratibu, kama anavyomshika kuku. Akasema nisiguse kisu wala tundu mpaka niwe sawa, na kwamba nikitaka kusaidia, kazi ipo nyuma.

Nikaenda nyuma. Yule mama Mkongomani alinisogezea kigoda kwa mguu, akaniwekea mapajani kuku wa moto, manyoya yakiwa yameloa.

"Karibu, papa. Anza na mabawa."